Herufi Tatu za Mwalimu Ishengoma

Kama umelazwa wodi ya kifua na umeambiwa sindano ni sitini, usihesabu zilizobaki. Hesabu zilizoingia. Hilo ndilo la kwanza ninalotaka kukuambia, na si langu. Nililipata kwa mtu mwingine, kama karibu kila kitu chenye maana nilichopata katika ugonjwa huu. Mtu huyo alikuwa Mwalimu Ishengoma wa Ijuganyondo. Yeye hakupona. Mimi, nisiye na mke wala mtoto wala darasa linalonisubiri, nimepona. Nimejaribu kuona haki iliyomo ndani ya jambo hilo na sijaiona.

Nilirudi nyumbani Kamachumu nikiwa na miaka arobaini na miwili. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kutangatanga. Elimu yangu ya sekondari, ambayo baba aliuza ng'ombe kuipata, niliitumia kuandika majina ya mizigo katika miji ya watu: Kampala, Kisumu, Mwanza, Tabora. Uhuru ulinikuta Mwanza, nikipima pamba. Nilipokuwa Kampala niliikumbuka Kamachumu, na kila niliporudi Kamachumu niliikumbuka Kampala kabla sijafungua sanduku. Safari ya mwisho nilirudi na kikohozi.

Kikohozi hicho tulikiita mafua, kisha malaria, kisha uchovu wa safari. Shati lilinipwaya. Nilikuwa naamka shuka limelowa kama limetoka mtoni. Halafu Jumapili moja, kanisani, nilikohoa kwenye leso nyeupe wakati wa mageuzo, watu wote wamenyamaza. Shemeji yangu, mke wa kaka Kamugisha, alikuwa benchi la pili upande wa wanawake. Aliiona ile leso kabla sijaikunja. Mchana huo nilipewa ebitoke, ndizi za kupika, katika sahani ya bati ambayo sikuwahi kuiona mle nyumbani, na kikombe chenye uzi mwekundu umefungwa kishikioni. Daktari alikuja kusema baadaye. Sahani ilitangulia.

Kaka alinisindikiza hadi barabarani kupanda lori la Bukoba. Akaniambia, "Muganyizi, umetembea dunia nzima, na zawadi uliyotuletea ndiyo hii?"

Alikuwa anatania. Nilicheka, nikakohoa, akarudi nyuma hatua mbili.

Pale hospitali kulikuwa na benchi refu la kusubiri. Mtu wa mbele akiitwa, wote mnajongea, unakalia joto la mwenzako. Mimi nilipojongea, mama aliyekuwa nyuma yangu hakujongea. Akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu, na nafasi hiyo ikatembea nami benchi zima hadi mlangoni. Nimewasamehe wengi waliofanya makubwa kuliko yeye, lakini ile nafasi naiona mpaka leo.

Wodi yetu ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na ilikaa peke yake nyuma ya jiko. Kila asubuhi sindano. Baada ya wiki tatu nyama ya makalio ilikuwa ngumu kama ndizi mbichi, nesi anatafuta mahali pa kuchoma hapaoni. Tulimwita Mama Sindano. Alikuwa mnene, mpole, na hakuwa na uongo. Baada ya chakula cha mchana tulilazimishwa kimya cha saa mbili: hakuna kuongea, mapafu yapumzike.

Ilikuwa katika kimya hicho, siku yangu ya nne, ambapo mtu wa kitanda cha jirani, ndiye Mwalimu Ishengoma, alinipa, kwa kunyoosha mkono tu, kipande cha boksi la sigara. Juu, upande wa kulia, aliandika: 13. Katikati aliandika herufi tatu kubwa: G, H, U. Chini, kwa mwandiko wa ubaoni, "Maneno kumi. Kiingereza. Zote tatu ziwemo, mpangilio wowote."

Nilishtuka kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni. Mchezo ule niliujua. Kwetu sekondari haukuwa mchezo. Ukikamatwa unaongea Kihaya, mzungu wa zamu anakuandikia herufi tatu, na huli mpaka umletee maneno ishirini yenye herufi hizo. Kuna siku nilikaa na J, K na C mpaka wenzangu wakamaliza kuosha sahani. Nikapata "jacket" na "jackal," nikalala na njaa. Na bado nilikuwa nimeukumbuka mchezo huo miaka yote, Kisumu, Tabora, nikitazama maandishi ya magunia. Mtu hukumbuka hata fimbo iliyompiga alipokuwa kijana.

Nikaandika: "cough, laugh, enough, rough, through, thought, bought, huge, hungry, daughter." Nikamrudishia. Akasoma polepole, akaweka alama ya vema kila neno, kwa kalamu nyekundu aliyokuwa nayo hata hospitalini. Kisha akakigeuza kile kipande cha boksi, akaandika: "Siku yako ya ngapi?"

Nikaandika 4.

"Iandike juu, upande wa kulia," akaandika. "Kama tarehe."

Kengele ya kumaliza kimya ilipolia, jirani wa upande wa pili, Rwegasira, mpakiaji wa ndizi kutoka Muleba, alikuwa ameshachoka kutuchungulia.

"Hebu nisomeeni na mimi. Hilo la kwanza ni nini?"

"Cough," alisema Mwalimu. "Kikohozi."

"Hilo msilihesabu. Hilo tunalo wote humu." Wodi nzima ikacheka, na kucheka kwenyewe kukatukohoza. "Uhuru tumepata, Mwalimu, na Mkoloni kaondoka. Nyie wawili mnamtafutia nini maneno yake?"

"Aliyaacha," Mwalimu akajibu. "Kitu kilichoachwa ni cha atakayekiokota."

Mwalimu alikuwa na miaka kama yangu, mwembamba, Mluteri, mkali wa usafi. Alikuwa na kamusi ndogo isiyo na jalada, na hiyo ndiyo ilikuwa hakimu wetu. Neno lisilokuwemo halikuwa neno, hata ungeapa. Na alikuwa na sheria moja zaidi ya zile za mchezo: hucheza asiyechomwa? Hachezi. Baadaye, vidonge vilipoanza: asiyemeza hachezi. Ndiyo maana ya ile namba. Ilikuwa hati ya kiapo. Alinitangulia siku tisa, hivyo nilijua daima mahali nitakapokuwa.

Sindano zilichukua kitu kingine kutoka kwangu. Kufika ya arobaini masikio yalianza kulia mlio mwembamba, kama mbu aliyefungiwa ndani. Nikisimama, sakafu inainama. Nilitembea nikishika ukuta kama mtu aliyetoka kunywa orubisi, na wageni wa wagonjwa wengine walinong'ona kwamba hata humu ndani pombe inaingia. Mlio ulipungua baadaye. Kuyumba hakukuisha. Mpaka leo siwezi kupanda baiskeli. Mtu aliyeishi kwa kuondoka, sasa akitaka kuondoka lazima aende kwa miguu, polepole, na fimbo.

Tuliruhusiwa pamoja msimu wa senene. Yeye alikuwa amemaliza sindano siku tisa kabla, lakini aliomba kunisubiri, na Mama Sindano akafanya kama hakuona. Siku ya kutoka alitukalisha wote wawili.

"Vidonge kila siku, mwaka na nusu tangu mlipoanza. Si mpaka mpate nafuu. Mwaka na nusu. Ugonjwa wa kwanza mmeumaliza. Ugonjwa wa pili ni kujisikia mzima, na huo ndio unaoua."

Nje ya lango watu walikuwa wanakimbiza senene kwenye majani, wamefurahi, na hakuna aliyetutazama. Mwalimu alitoa kamusi mfukoni, akaikunja mgongo, akaipasua katikati. Sauti ile iliniumiza. Akanipa M mpaka Z, akabaki na A mpaka L.

"Hivyo hutaweza kudanganya bila mimi, na mimi bila wewe," alisema. "Barua kila wiki mbili. Siku juu."

"Upande wa kulia," nikamalizia.

Nyumbani kaka alikuwa amenijengea kibanda. Alikijenga vizuri, sikatai, lakini mwisho kabisa wa kibanja, nyuma ya migomba ya mwisho, karibu na njia ya ng'ombe. Sahani ya bati ilikuwepo. Kikombe chenye uzi mwekundu kilikuwepo.

Kwa asiye wa kwetu, nieleze jambo moja. Kwa Wahaya mgeni hakaribishwi kwa maneno tu. Anapewa akamwani, kahawa ya kutafuna, punje zilizochemshwa na majani zikakaushwa. Unamtolea katika kikapu kidogo au katika kiganja, anachukua, anatafuna, na hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Kukataa akamwani ya mtu ni kumwambia kitu ambacho hakuna tusi la kukifikia.

Mimi nilikuwa nayo. Kila aliyepita kibandani nilimnyooshea kiganja. "Karibu akamwani."

"Asante, waitu, nimetoka kutafuna sasa hivi."

Kijiji kizima kilikuwa kimetoka kutafuna sasa hivi. Hata balozi wa nyumba kumi, aliyekuja kuniuliza kwa nini sionekani shamba la kijiji. Siku hizo kila mtu alitakiwa kulima shamba la ujamaa mara mbili kwa wiki. Nilimwonyesha karatasi ya daktari. Aliisoma akiwa amesimama mbali, mkono umenyooka, kama anayesoma mzani. Wiki hiyohiyo nikasikia jina langu jipya: Kupe. Kupe hulima? Kupe hunyonya. Mikutanoni neno hilo lilikuwa la mabepari. Kamachumu lilipata mwenyewe.

Kila wiki mbili nilikwenda Muleba, nusu kwa miguu na nusu kwa lori, kuchukua vidonge zahanati na barua posta. Nilikuwa naisoma palepale nje ya posta, nimekaa juu ya jiwe, mabasi ya Biharamulo yakipita na vumbi lake. Siku ya 103: herufi B, D, R. Alinitumia maneno thelathini na moja ya herufi nilizompa mara iliyopita, mimi nikampelekea ishirini na nne. Siku ya 117 alinipiga tena. Kati ya maneno aliweka habari chache: amepewa darasa la kisomo cha watu wazima pale Ijuganyondo, katika ghala la kahawa, wanafunzi ni wazee wanaoshika chaki kama jembe, binti yake Kemilembe ameota meno mawili ya mbele. Siku ya 131 herufi zilikuwa Q, Z na E, na mimi nikatukana kwa sauti mbele ya posta, kwa furaha.

Baada ya hapo ukoo ulikaa.

Ilikuwa Jumapili. Kaka alikuja kibandani na wazee watatu, wakaketi juu ya viti walivyobeba wenyewe. Kaka ndiye aliyesema, maana ndiye mrithi wa baba.

"Muganyizi, umenenepa. Hukohoi. Tumekuangalia."

"Namshukuru Mungu."

"Sasa sikiliza. Mtu anayemeza dawa kila siku ni mgonjwa. Hilo halihitaji daktari. Aliyepona anaacha. Wewe unatuambia umepona, na kila asubuhi watoto wanakuona unameza. Tumwamini nani, mdomo wako au mkono wako?"

"Daktari amesema mwaka na nusu."

"Daktari haishi hapa," mzee mmoja alisema.

"Acha dawa," kaka akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya upole, na ndiyo iliyonitisha. "Mwezi mmoja tu. Tukikuona bado mzima, tutakuja watu wote, mchana kweupe, tutachukua akamwani kwenye mkono wako. Utarudi nyumba kubwa. Hakuna atakayekuita tena lile jina."

Usidhani nilikataa kwa ushujaa. Nilitaka kukubali. Nilikuwa nimechoka kusikia sauti ya sahani ile ya bati. Niliomba wiki mbili za kufikiri, nikaenda Muleba, nikamwandikia Mwalimu yote, pamoja na maneno kumi na moja ya Q, Z na E.

Jibu lake lilikuwa fupi kuliko yote. Juu, upande wa kulia: 131. Kisha: "Usiache. Wakija tena waambie mimi nimekukataza. Usiache hata siku moja." Na chini yake herufi tatu mpya.

Nikawajibu ukoo kama alivyosema. Kaka aliinuka, akachukua kiti chake. "Basi kaa na mwalimu wako," akasema.

Ile namba niliiona. Sitasema sikuiona. Mia moja thelathini na moja ilikuwa ya barua ya nyuma. Nilidhani amejisahau, nikamwandikia: "Mwalimu wa hesabu amesahau kuhesabu! Nani atamchapa?" Barua iliyofuata: 131. Nikaandika: "Saa yako imesimama, itie ufunguo." Baada ya hapo hakuandika tena namba, na mimi nikaona kwamba nimemuudhi, kisha nikaona afadhali, maana nami nilikuwa nimechoka kuiandika.

Mtu asiyeweza kusema uongo, na asiyeweza kusema kweli, atafanya nini? Ataandika siku ya mwisho ambayo ilikuwa kweli. Ataiandika tena na tena, akimngoja rafiki yake aulize. Na rafiki yake akauliza nani atamchapa.

Masika yalikuja. Na katika masika yale nilianza kushinda. Yeye maneno kumi na tisa, mimi ishirini na sita. Yeye kumi na mbili, mimi thelathini. Yeye saba. Mwandiko wake wa ubaoni ukaanza kushuka upande mmoja, kama mtu anayeandika amelala. Nilikuwa nacheka peke yangu njia nzima kurudi Kamachumu. Elewa kwamba sikuwa na kitu kingine. Kulima sikuweza, baiskeli sikuweza, kiganja changu kilirudi kimejaa kila siku. Kushinda kule ndiyo ilikuwa akamwani yangu. Nilimwandikia, "Naona A mpaka L imekuwa nyepesi, nikuazime nusu yangu?" Nilijiona mcheshi.

Kahawa ilipoanza kuiva ilikuja barua isiyo na chochote ila herufi tatu: E, R, T. Mtu huyu aliyenipa Q na Z sasa ananipa herufi ambazo hata Rwegasira angezipatia maneno. Nikachukua kama dharau. Nikakaa siku mbili nikaandika maneno arobaini, safu nne zilizonyooka: "water, letter, tree, bitter, teacher, winter, return," na kadhalika. Mawili niliyabuni, "plentier" na "greatery," ili tu arobaini itimie. Juu niliandika: "Umenionea huruma, au umechoka?" Siku sikuiandika.

Hakujibu. Wiki mbili, kisha mbili tena. Mara ya tatu nilipotoka posta mikono mitupu, nilimkuta Rwegasira kituoni akipakia mikungu juu ya basi la Bukoba. Yeye alikuwa bado anameza, na alikuwa amerudi kuwa na shingo ya mpakiaji. Alishuka aliponiona.

"Kumbe uko hai, mtu wa maneno."

"Niko. Mwalimu ameniacha. Nimemshinda, amenuna."

Alinitazama, akajifuta mikono kwenye suruali, muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Hujaambiwa? Mwalimu tumemzika. Wiki ya tatu hii. Mimi mwenyewe nilikwenda."

"Kwa nini?" Nilisema hivyo. Si "lini" wala "vipi."

"Aliacha vidonge, bwana. Zamani. Tangu kabla ya masika."

Nilipanda basi lile lile, juu, pamoja na ndizi.

Ijuganyondo nilielekezwa na kila mtu. Nyumba yenye msiba haifichiki. Mama Kemilembe, mjane wake, alikuwa anaanika kahawa uani juu ya mkeka. Nilipojitaja jina aliacha kupanga punje.

"Ndiye wewe wa barua."

"Ndiye mimi, mama. Pole sana. Sikujua."

"Yeye alisema hujui." Alinipa kigoda, akakaa chini kwenye mkeka. Kisha, bila kuulizwa, akaanza, kama watu wanavyofanya wanapokuwa wamelirudia jambo kichwani mpaka limelainika.

"Wale wazee wa kisomo walikataa chaki yake. Wakasema wataandika kwa vidole mchangani. Yeye alivumilia hilo. Halafu ndugu zake wakaja hapa, wakasema anayemeza dawa hajapona. Mlikuwa mmeambiwa hivyo wote?"

"Wote."

"Aliwabishia. Mwalimu, si unamjua. Akawaeleza siku nzima. Ndipo akanitazama mimi." Alizungusha punje moja ya kahawa kwa kidole. "Mimi nilikuwa nimekaa nao, si naye. Akaingia ndani akachukua kopo, akalimwaga lote shinani kwa ule mgomba pale, mbele yao. Akaleta kikapu cha akamwani. Wakabaki wanatazamana. Mimi ndiye niliyenyoosha mkono wa kwanza."

Niliutazama ule mgomba.

"Miezi mitano nilikula naye sahani moja," alisema. "Ndicho nilichokuwa nataka. Nilikipata. Alipoanza tena kukohoa nilisema ni vumbi la chaki. Walipomrudisha hospitali alikuwa ameshakuwa nusu mtu. Mimi na watoto tumepimwa, hatuna kitu. Watu wananiambia nishukuru."

Akaingia ndani, akarudi na nusu ya kamusi, A mpaka L, imefungwa kwa kamba ya mgomba. "Alisema ukija nikupe. Kuna karatasi ndani."

Ilikuwa karatasi yangu, ile ya maneno arobaini. Alikuwa ameisahihisha. Kwa kalamu nyekundu, mkono ukitetemeka mpaka alama za vema zinafanana na nyufa, amepita safu zote nne, neno kwa neno. "Plentier" ameikata. "Greatery" ameikata, na pembeni ameandika "Hapana." Chini ameandika 38, akapiga mstari, akaandika 40. Nilipouliza juu kama amechoka, hakujibu kitu. Lakini juu kabisa, upande wa kulia, mahali palipokuwa patupu, alikuwa amechora duara jekundu, na ndani yake ameandika:

"Hukuandika siku. Siku ya ngapi?"

La kaka nitalimaliza hapa, ili lisiharibu mwisho. Miezi mingi baadaye, siku nilipomeza kidonge cha mwisho wa mwaka na nusu na zahanati ikanipa karatasi, alikuja kibandani na watu wengi, mchana kweupe kama alivyoahidi, amevaa koti. Akanyoosha mkono. "Akamwani iko wapi, ndugu yangu?" Nikamwambia imekwisha, niliitafuna peke yangu. Alishusha mkono. Tunasalimiana. Zaidi ya hapo hakuna, na nimetafuta ndani yangu mahali pa kuwa na zaidi, sijapaona.

Lakini siku ile ya Ijuganyondo nilikaa na karatasi mapajani mpaka kivuli cha paa kikatufikia. Kisha nikamwomba Mama Kemilembe maji. Sikuwa nimemeza bado. Nilikuwa nimetoka nyumbani alfajiri. Alileta kikombe, kikombe cha nyumbani, hakina uzi. Nilitoa kopo langu mfukoni, nikaweka kidonge ulimini mbele yake, waziwazi, nikanywa. Nikamwomba kalamu nyekundu. Alikuwa anajua ilipo.

Ndani ya duara, chini ya swali lake, niliandika: 305.

Mama Kemilembe alichukua kikombe kutoka mkononi mwangu. Kulikuwa na maji yamebaki, kama nusu. Aliyatazama. Kisha akayanywa, akakiweka kikombe juu ya mkeka kati yetu, hakukisuuza, akarudi kupanga kahawa yake.